Siku 60 za benki, arobaini ya mjane

Anayepita mitaa ya Pasua au Majengo hapa Moshi hakosi kukutana na nyumba iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mara nyingi ni ugomvi wa ndugu. Mmoja anatafuta mteja kimyakimya, mwingine anawahi kopo la rangi. Majuzi niliona moja ambayo pembeni ya maandishi hayo dalali alikuwa amebandika karatasi yake ya mnada. Ukuta ule ule unasema nyumba haiuzwi, na unasema inauzwa Jumamosi saa nne asubuhi.

Mwenye nyumba alizikwa Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, miezi mitano iliyopita. Aliyebaki ndani ni mkewe, anayeuza mitumba soko la Memorial, na watoto watatu. Nilikaa naye jioni moja tukasoma makaratasi yake, yaliyokuwa ndani ya mfuko wa rambo pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Swali linalonisumbua tangu siku ile ni hili: mkopaji akifariki, nyumba aliyoiweka dhamana iuzwe kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa mtu aliye hai anayekataa tu kulipa? Mtaani jibu ni jepesi, benki hazina huruma. Ofisini nako ni jepesi, deni ni deni. Naona kila upande una hoja, ila zote mbili zinaruka suala la muda, na kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza wajane kuliko deni lenyewe.

Kwanza tuelewane ni deni la aina gani. Mkopo wa kununulia nyumba, ule wa kulipa miaka 15 au 20, hapa kwetu ni wa wachache wenye mshahara unaoonekana, na riba yake si ndogo. Wengi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwakani linta, bati baada ya mtu kupokea zamu yake ya upatu. Hati ikishatoka ndipo safari ya benki inapoanza, na haiendi kutafuta nyumba, inakwenda kutafuta mtaji: duka la vipuri, shehena ya mahindi, Fuso ya kupeleka ndizi Dar es Salaam. Kwa hiyo dalali anapofika, haji kuchukua nyumba ambayo benki iliijenga. Anakuja kuchukua miaka kumi na mbili ya watu wawili, kwa sababu ya gari ambalo huenda lilishauzwa kama chuma chakavu.

Marehemu huyu alikopa shilingi milioni 35 kwa ajili ya Fuso. Hadi anafariki, salio lilikuwa kama milioni 13.

Kwenye mazishi, msemaji wa ukoo alisimama akasema yale tunayoyasikia kwenye kila msiba: anayemdai marehemu, na anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. (Wanaodai hujitokeza kabla chai haijapoa. Wanaodaiwa hutawahi kuwasikia.) Mkopeshaji hakuwepo msibani. Barua yake ilikuja wiki ya tano, kabla ya arobaini. Imeandikwa jina la marehemu, inamkumbusha kuwa ameshindwa kuleta rejesho na kumpa siku 60.

Siku hizo 60 hazikuzuliwa na afisa mikopo. Ziko kwenye kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwanzoni zilikuwa 90, zikapunguzwa kwa marekebisho ya 2008 yaliyolenga kuzipa taasisi moyo wa kukopesha kwa rehani. Zikiisha, mkopeshaji anaruhusiwa kuuza bila kwenda mahakamani. Dalali naye anabanwa na Sheria ya Madalali, ambayo inataka tangazo la siku 14 kabla ya mnada wa ardhi, tena kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Ndiyo maana lile gari la spika hupita mtaani.

Kwa mtu aliye hai, siku 60 ni muda. Atauza ng'ombe, atakopa kwa shemeji, ataomba marejesho yapangwe upya. Sasa mweke mjane kwenye nafasi hiyo. Akaunti ya biashara imefungwa mara tu benki iliposikia msiba. Fuso iko kwa jina la marehemu, hawezi kuiuza. Ili aguse chochote lazima awepo msimamizi wa mirathi, na ili awepo kunahitajika cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili), kikao cha ukoo na muhtasari wake, maombi mahakamani, tangazo, kusubiri pingamizi, halafu barua ya usimamizi. Hiyo ni kama ukoo umeelewana. Kwa huyu mama kikao cha kwanza kilimpendekeza shemeji yake, cha pili kilivunjika, cha tatu ndicho kilichompitisha yeye. Wakati siku 60 zinaisha, hakukuwa na binadamu yeyote duniani aliyeruhusiwa kisheria kulipa kwa mali ya marehemu.

Hapo ndipo utaratibu unapojipinga wenyewe. Ukitaka kumshtaki mtu aliyefariki, utaambiwa usubiri msimamizi, kwa sababu marehemu hashtakiwi. Ila kumpa notisi na kuuza nyumba yake nje ya mahakama, saa inahesabika kana kwamba yuko barazani anasoma gazeti.

Upande wa wakopeshaji usidharauliwe. Niliongea na afisa mikopo mmoja, kijana wa Rau, akaniambia bila kupepesa, "Kaka, hizo pesa si zangu." Ni kweli. Kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, hasa, anayedaiwa na anayedai wanakaa benchi moja. Milioni 13 kama hizo ni akiba za walimu, za mama anayeuza mboga Mbuyuni, na za wajane wengine. Wakisubiri mwaka, kuna mtu atakwenda kuchukua hela ya ada ya mtoto aambiwe arudi wiki ijayo.

Akaongeza la pili ambalo sikuwa nimelifikiria. Kama kifo kitageuka ngao, taasisi hazitanung'unika, zitabadili tu masharti. Mzee wa miaka 58 mwenye presha atakataliwa mkopo, au ataambiwa amlete mwanawe mwenye mshahara. Ulinzi wa mjane wa leo utakuwa kikwazo kwa mke wa kesho anayetaka kukopa na mumewe.

La tatu ndilo zito zaidi kwa mkoa wetu. Ni familia ngapi Kilimanjaro zina mirathi ambayo haijafunguliwa tangu babu afariki? Ukisema saa isianze mpaka msimamizi apatikane, kuna koo zitakazohakikisha hapatikani.

Na kuna suala la ridhaa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kikakazia: rehani ya nyumba hiyo haina nguvu bila ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Mkopaji ana wajibu wa kusema kama ana mwenza, mkopeshaji ana wajibu wa kuthibitisha. Wakopeshaji wanalalamika kwamba ulinzi huu umekuwa mchezo. Mume anakopa, mke anatulia, mnada ukikaribia anaibuka Baraza la Ardhi na Nyumba akidai hakuridhia. Wapo wanaofanya hivyo. Wapo pia wanaume walioapa kwamba hawajaoa, au waliompeleka mwanamke mwingine kusaini kama mke, na ukweli ukajulikana msibani, pale wajane wawili walipokaa mkeka mmoja.

Huyu mama hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Alisaini kweli. Anakumbuka ilikuwa ofisi ya wakili, ghorofani, mtoto wa mwisho mgongoni analia, mume yuko kwenye simu na fundi wa gari. Aliambiwa, "Mama, saini hapa, na hapa, na hapa." Haikufika dakika kumi. Sheria iliyotungwa ili mwanamke asishtukizwe na deni asilolijua sasa ndiyo inayotoa karatasi ya kwanza anayoonyeshwa akienda kulalamika: si saini yako hii? Sisemi ridhaa iondolewe. Nasema ridhaa inayochukuliwa mwenye kuridhia hajasomewa kitu inamlinda mkopeshaji peke yake.

Tupige hesabu. Tuseme nyumba ile ni ya milioni 80 sokoni na riba ya mkopo ni asilimia 18 kwa mwaka. Milioni 13 zinazaa riba ya shilingi 195,000 kwa mwezi. Miezi sita ya kusubiri ni shilingi 1,170,000, na hiyo inaongezwa kwenye deni, haimpotei mkopeshaji kwa kuwa nyumba inalifunika mara sita. Sasa linganisha na mnada. Sheria inamtaka mkopeshaji auze kwa bei nzuri inayopatikana, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, yaani kwa nyumba hii milioni 60 kushuka, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Kinachobaki baada ya deni na gharama ni mali ya familia. Hayo ni maandishi. Mnadani, watu sita wamesimama juani, watatu wanafahamiana, na mnunuzi akishanunua kwa nia njema ni vigumu mno kumtoa. Kama ile nyumba itaangukia milioni 45, familia imepoteza milioni 35 ili mkopeshaji asisubiri milioni moja na ushee.

Kwa hiyo naegemea kwa mjane, ila si kwa ile hoja ya huruma. Deni lilipwe. Dini zetu zinasema hivyo, Waislamu kwa uwazi kabisa: madeni kwanza, urithi baadaye, na sheria ya mirathi inafuata mpangilio huo huo. Ninachotaka ni kwamba mkopaji akifariki, siku 60 zianze kuhesabiwa msimamizi anapoteuliwa au miezi sita inapotimia, chochote kitakachotangulia. Riba iendelee, faini ya ucheleweshaji isimame. Ukoo unaotaka kuficha mirathi utakuwa na miezi sita tu ya kufanya hivyo, na yule mwalimu wa SACCOS hatapoteza akiba yake.

Kihamba sikitii kwenye hesabu hii. Wakopeshaji wadogo wanapokea hata hati ya kimila au karatasi ya mauziano, halafu siku ya mnada wanagundua hakuna jirani wa kunyanyua mkono kununua shamba lenye makaburi ya ukoo wa watu. Anayekopesha kwa dhamana hiyo amekopesha kwa kutegemea aibu.

Limebaki la bima, na hapa sina uvumilivu. Mikopo mingi ya taasisi rasmi inakatiwa bima inayolipa salio mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Ina masharti yake na muda wake wa kudai, lakini ipo. Kwenye mkataba wa huyu mama, ukurasa wa nne, kuna mstari unaosema bima ya mkopo, shilingi 350,000, imekatwa siku ile ile fedha zilipotoka. Ile barua ya wiki ya tano haikuitaja. Waliompigia simu kumdai hawakuitaja. Yeye alidhani ni "makato ya ofisi". Mkopeshaji aliyepokea ada ya bima, akajua mteja amefariki, akaanza na notisi badala ya fomu ya madai, huyo hawezi kujificha nyuma ya akiba za wanachama. Akiba hizo zilishakingwa.

Kesho yake baada ya jioni ile ya makaratasi, tulikwenda pamoja kwa mkopeshaji. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu, akatupa fomu na orodha: cheti cha kifo, taarifa ya hospitali, barua ya usimamizi wa mirathi. Mnada ukasogezwa wiki mbili kwa maneno, bila maandishi. Barua ya usimamizi ilikuwa bado wiki tatu.

Tukiwa kwenye ngazi za kushuka aliniuliza, "Sasa mwanangu, nikishakuwa msimamizi, si ndiyo watanidai mimi?" Nikamwambia hapana, msimamizi hulipa kwa mali ya marehemu, si kwa mfuko wake, na kuridhia nyumba iwekwe rehani si sawa na kulibeba deni. Labda kama ulimdhamini. Akasimama. "Kudhamini ndiyo kufanyaje?"

Tukaketi kwenye ngazi, tukafungua ukurasa wa wadhamini. Saini yake ilikuwepo, chini ya ile ya shemeji yake.