Wafuasi wa Bentham: Kura kwa Wengi, Nyumba ya Kazi kwa Maskini

Mjadala kuhusu falsafa ya manufaa katika siasa za Uingereza una kambi mbili. Ya kwanza humtaja Jeremy Bentham kuwa miongoni mwa mababa wa demokrasia, kwa sababu mwaka 1817 alichapisha mpango wa kudai uchaguzi wa kila mwaka, kura ya siri, majimbo yanayolingana na haki ya kura kwa karibu wanaume wote. Ya pili huikumbuka Sheria ya Maskini ya 1834, iliyowaingiza wazee, wajane na watoto katika nyumba za kazi, yaani majengo ambamo maskini alipewa hifadhi na chakula kwa masharti makali. Mmoja wa waandishi wake wakuu, Edwin Chadwick, alikuwa katibu wa Bentham kabla mzee huyo hajafariki Juni 1832. Kila kambi huyaona matunda inayoyachukia kuwa ajali. Hayakuwa ajali. Yote yametoka katika kanuni moja: sheria ipimwe kwa furaha inayowaletea watu walio wengi, na katika hesabu hiyo hakuna mtu anayezidi mmoja.

Hoja ya kura ya Bentham na wafuasi wake ilikuwa na nguvu. Bentham aliamini kwamba kila kundi linaloshika madaraka hujipendelea, hata likiwa na watu wema, kwa hiyo dawa ni kumfunga mtawala kwa wapiga kura. Ushahidi ulikuwa wazi: Old Sarum, kilima kisicho na mji, kilipeleka wabunge wawili, na Manchester yenye viwanda haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Mwaka 1820 rafiki yake James Mill aliipanga hoja hiyo kama ithibati ya hesabu, kisha akaivunja mwenyewe. Alisema wanawake wanaweza kuachwa bila hasara, kwa kuwa maslahi yao yamo ndani ya yale ya baba na waume zao. William Thompson na Anna Wheeler walimjibu mwaka 1825: kama mwenye nguvu hujipendelea, kwa nini mume asiwe hivyo? Mwaka 1829 mwanahistoria Thomas Macaulay naye alimshambulia Mill kwa kujenga nadharia ya serikali bila kuitazama historia. Shambulio la Macaulay ndilo lililovuma, lakini naona la Thompson na Wheeler liligusa mzizi zaidi.

Sheria ya Mageuzi ya uchaguzi ya 1832 ilikuwa nusu ya nusu ya walichotaka. Vijimbo 56 vilipoteza wabunge wao wote, na miji ya viwanda ikapata wabunge wake. Mjini, haki ya kura alipewa mwanamume mwenye nyumba au jengo lenye thamani ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka, na kwa Uingereza na Wales ni takriban mwanamume mmoja kati ya watano aliyepata kura. Sheria ilitaja jinsia ya kiume waziwazi. Na kifungu ambacho wengi hukiruka kilimnyima kura mkazi wa mji aliyepokea msaada wa parokia, yaani eneo la kanisa lililowatunza pia maskini wake, ndani ya miezi 12 iliyotangulia.

Miaka miwili baadaye Bunge hilo lilipitisha Sheria ya Maskini. Mpango wake ulikuwa hivi. Parokia zipatazo 15,000, ambazo kila moja ilikuwa imejitunzia maskini wake, ziliunganishwa kuwa miungano takriban 600 chini ya makamishna watatu waliokaa London. Kila muungano ulipaswa kuwa na nyumba ya kazi. Mwenye nguvu za kufanya kazi akiomba msaada, asihojiwe wala kuchunguzwa: apewe nafasi ndani ya nyumba hiyo tu. Akikubali, ni mhitaji wa kweli, akikataa, hakuhitaji. Ili kipimo hicho kifanye kazi, maisha ya ndani yalipaswa kuwa mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyejitegemea.

Hapo ndipo mtambo ulipokwama. Katika wilaya nyingi za mashambani, kibarua alikuwa anaishi kwa mkate, viazi na jibini kidogo. Huwezi kumlisha mtu chini ya hapo bila kumuua. Kwa kuwa tumbo halikuweza kubanwa zaidi, mateso yalitafutwa kwingine: mume akatengwa na mkewe, watoto na wazazi, wote wakavalishwa sare, na mlo ukaliwa kimya. Kaskazini penye viwanda, kipimo kilishindwa kwa sababu nyingine. Kiwanda kinapofungwa, maelfu hukosa kazi wiki moja, na hakuna jengo linaloweza kuwapokea. Kwa hiyo wengi wa waliosaidiwa waliendelea kusaidiwa majumbani mwao, kinyume cha nadharia. Tume iliyoandaa ripoti ya kuipendekeza sheria hiyo ilikuwa imepata majibu ya maswali yake kutoka takriban sehemu moja ya kumi ya parokia, na hata hayo haikuyajumlisha kwa utaratibu. Watu waliojisifu kwa hesabu walihukumu kwanza.

Wanaoitetea sheria huonyesha kwamba gharama zilishuka, kutoka zaidi ya pauni milioni 6 mwaka 1834 hadi kama milioni 4 mwaka 1837. Ni kweli, ila mavuno ya miaka hiyo yalikuwa mazuri na ujenzi wa reli ulileta ajira. Katika nyumba ya kazi ya Andover, mji wa kusini mwa Uingereza, mwaka 1845, iligundulika kwamba wakazi waliopewa mifupa waiponde iwe mbolea walikuwa wakigombea uboho na vipande vya nyama vilivyoganda juu yake. Kashfa hiyo iliiondoa tume ya makamishna mwaka 1847.

Lakini kuishia Andover ni kuwadhulumu wafuasi wa Bentham. Chadwick alishiriki kuandaa Sheria ya Viwanda ya 1833, iliyopiga marufuku watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo na kuleta wakaguzi wanne wa serikali. Ripoti yake ya afya ya 1842 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua ulikuwa miaka 17 Manchester na 38 katika wilaya ya mashambani ya Rutland. Aliidai mifereji ya majitaka na maji ya bomba, na waliompinga walikuwa mabaraza yaliyochaguliwa na walipa kodi ya nyumba, ambao hawakutaka gharama. Mwaka 1854 aliondolewa katika bodi ya afya ya serikali. Anayedhani kura peke yake hutibu kila kitu inabidi aitafakari habari hiyo.

Hata hivyo, mtaalamu bila wa kumsahihisha ana hatari yake. Chadwick aliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Kwa hiyo uchafu wa London ulisukumwa kwa wingi katika mto Thames, ambao kampuni kadhaa zilichota humo maji ya kunywa, na kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 jijini.

Kwa hiyo kosa siliweki kwenye kanuni ya manufaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Bentham alilisema jambo hilohilo kwa lugha ya kifalsafa alipoonya kuhusu watawala wanaojipendelea. Wafuasi wake walijenga utawala kwanza na kuiacha kura nyuma. Bodi zilizosimamia nyumba za kazi zilichaguliwa kwa uzito wa mali: tangu 1844 mtu mmoja aliweza kufikisha kura 12, na aliyelala ndani ya nyumba hiyo hakuwa na hata moja. Utaratibu huo wa kutunga sheria kwa ustadi bila kuwauliza wanaotawaliwa ulivuka bahari. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyoasisiwa na Macaulay yuleyule kwa njia zilizofanana sana na za Bentham, ilitumika Kenya na Tanganyika hadi 1930.

Uchaguzi wa bodi ulibadilishwa mwaka 1894, kura za ziada za wenye mali na sharti la mali kwa wagombea vikafutwa. Wafanyakazi na wanawake wengi zaidi wakaanza kuchaguliwa, na huko Poplar, mashariki ya London, Will Crooks na George Lansbury wakabadili chakula, mavazi na mahali pa kuishi watoto. Kumnyima kura aliyepokea msaada kulikoma mwaka 1918.