Bodi ya Pesa za Vijijini Haina Mtu wa Kijijini

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la vikundi vya huku pwani mtu alileta tena habari za kesi ya kupinga kuvunjwa kwa USADF, ule wakfu wa serikali ya Marekani ulioundwa kutoa ruzuku kwa vikundi na vyama vya ushirika Afrika, na kabla watu hawajamaliza kusoma ndugu mmoja akajibu, "Hiyo ni pesa yao, wafanye watakavyo." Dole gumba zikamiminika. Nikaona nikijibu pale pale nitaandika maneno ya kuvunja udugu, bora nije huku nimwage yote, kwa sababu hili jambo limenikaa rohoni tangu 2025 na naona tunaliongea vibaya sana.

Tunaliongea kama ni habari ya Trump tu. Sawa, amri ni yake, ile ya 19 Februari 2025 iliyotaka USADF na ndugu yake wa upande wa Amerika ya Kilatini na Karibi, Inter-American Foundation, yapunguzwe mpaka kile kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inalazimisha. Mwisho wa mwezi huo Pete Marocco, afisa wa serikali ya Trump, akaitisha mkutano wa dharura wa bodi ya Inter-American Foundation, bodi yenyewe ni yeye peke yake, akajiteua kuwa kaimu mkuu wa shirika. Machi watu wa DOGE, kile kikosi cha Trump cha kubana matumizi ya serikali, wakafika ofisi za USADF pale Washington, wakazuiwa mlangoni, kesho yake wakarudi na askari wa serikali wakaingia. Baada ya hapo mikataba ikaanza kukatwa, na huku kwetu kuna vikundi vilikuwa vimeshachimba msingi, vimeshaagiza mashine, vinangoja awamu inayofuata.

Lakini mimi nauliza swali la nyuma zaidi. Ilikuwaje pesa za watu wengi hivyo, nchi nyingi hivyo, zikawa zinaning'inia kwenye meza moja ambayo mtu mmoja akiikalia basi mambo yamekwisha? Hilo halikuanza 2025. Liko ndani ya sheria yenyewe tangu 1980.

Na sheria yenyewe ni nzuri, nasema kutoka moyoni. Inataka miradi itoke kwa wananchi wenyewe, inataka maskini washirikishwe kadiri inavyowezekana, inaweka kikomo cha dola 250,000 kwa mradi mmoja ili pesa zisimezwe na wakubwa. Hiyo ni kama milioni 32 hivi za Kenya, kwa kikundi cha kijijini ni mabadiliko ya maisha. Wakfu ulianza kazi 1984 na kwa kweli walikwenda tofauti na wafadhili wengi tuliowazoea, hawakujaza wageni na magari makubwa, kazi ya nchini ilifanywa na wenyeji na mashirika washirika ya hapa hapa, na ruzuku ikaingia akaunti ya kikundi chenyewe. Walifika mpaka Turkana, ambako wengi huenda kupiga picha wakati wa ukame kisha wanarudi Nairobi.

Sasa nenda kwenye kifungu cha bodi. Watu saba. Rais wa Marekani anawateua, Seneti inawathibitisha, muhula ni miaka sita. Watano ni watu binafsi, wawili ni maafisa wa serikali yao wanaohusika na mambo ya Afrika, na wasizidi wanne wa chama kimoja. Waliwaza kwa makini kabisa namna Democrat na Republican wasipunjane. Kwa mkulima wa Afrika aliyepewa hiyo pesa kuna baraza la ushauri, ambalo sheria inaruhusu wapokeaji wa ruzuku wawemo, haiwalazimishi kuwaweka, na bodi inatakiwa kusikiliza hilo baraza angalau mara moja kwa mwaka. Wanasikiliza, wanashukuru, kisha wanapiga kura wenyewe. Maskini ashirikishwe kwenye mradi, ila kwenye uamuzi wa kama mradi utaendelea kuwepo hana hata sauti ya kuhesabiwa.

Hapa ndipo damu yangu inachemka, na nitaeleza kwa nini.

Sisi kikundi chetu ni cha nazi, tunakausha mbata na kukamua mafuta. Tuliwahi kupata mfadhili, si hawa ninaowasema, ni wengine kabisa na siwataji. Masharti yao tuliyatimiza yote. Uchaguzi wa kamati mbele ya afisa, miniti za kila kikao zimesainiwa, kotesheni tatu hata kwa kazi ya kuchomelea miguu ya meza, akaunti yenye sahihi tatu. Mweka hazina wetu ni mama wa makamo aliyeishia darasa la saba, ana daftari la mistari amelivika jalada la gazeti, kila senti imo. Odita alipokuja alikwama kwenye shilingi 300 za boda boda aliyebeba magunia ya mbata kutoka shambani, akataka risiti. Boda hana risiti. Yule mama akafungua kurasa za nyuma za daftari akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kijana ameandika jina lake, namba ya pikipiki, mzigo ulikotoka na ulikoshushwa, na saini. Odita akaipiga picha akanyamaza. Mimi nilijivunia yule mama siku ile kuliko ninavyoweza kueleza.

Kisha awamu ya tatu haikuja. Ikaja barua pepe ya aya mbili kwamba vipaumbele vimebadilika. Nguzo za kibanda cha kukaushia zimesimama, mabati hayapo, masika inakaribia, na mama yule yule ndiye aliyebaki kuwaeleza wanachama sitini na kitu pesa zimekwenda wapi, wakati hata yeye hakuwahi kuambiwa. Nani alikaa kikao cha kutukata? Walikuwa wangapi? Miniti ziko wapi? Kotesheni tatu ziko wapi za uamuzi ule? Hakuna aliyetujibu, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa na wajibu wa kutujibu. Sisi tunadaiwa hesabu ya shilingi 300, wao hawadaiwi hesabu ya mwaka mzima wa kazi ya watu.

Ndiyo maana nasema tatizo ni muundo, na bodi kama hii ilitakiwa iwe na angalau viti viwili vyenye kura vya Waafrika waliopokea ruzuku. Bodi ambayo hakuna mjumbe hata mmoja anayepoteza kitu uamuzi ukiwa mbaya, haiwezi kuwa makini kiasi kinachotakiwa, hata wajumbe wakiwa watu wazuri, na naamini wengi walikuwa watu wazuri. Mjumbe wa Washington mkataba ukikatwa anasikitika. Mwenyekiti wa ushirika mkataba ukikatwa anafuatwa nyumbani kwake usiku na muuza saruji. Hao wawili wakikaa meza moja, maswali yatakayoulizwa ni mengine kabisa. Yule wa ushirika angeuliza mapema, miaka ishirini nyuma, hivi serikali yenu ikibadilika siku moja hizi awamu zilizosainiwa ziko salama wapi? Zinakaa kwenye akaunti gani, ya nchi gani? Angeuliza kwa sababu yeye ameshazoea kukatwa. Hilo swali kwa mtu wa Washington lilikuwa halimkereketi, serikali yake haijawahi kumwachia nguzo bila mabati.

Na angalieni sauti ya Mwafrika ilipitia wapi mwishowe. Mahakamani. Shirika dogo la Zambia, Rural Development Innovation Group, ni miongoni mwa waliokwenda kushtaki huko huko Washington, na Julai 2025 jaji Richard Leon akatoa zuio la muda, akiona kwamba inaelekea Marocco, ambaye alikuwa amewekwa kwenye bodi ya USADF pia, hakuwekwa pale kwa mujibu wa sheria. Kabla yake, Aprili, jaji Loren AliKhan alikuwa amemrudisha kazini Sara Aviel, mkuu wa Inter-American Foundation aliyekuwa ameondolewa, kwa hoja za namna hiyo hiyo. Nawapongeza wale wa Zambia kwa moyo wote. Lakini jamani, mpaka mtu ashitaki serikali ya Marekani ndio asikike kuhusu mradi wa kijijini kwake? Ni vikundi vingapi vina wakili Washington?

Mtaniambia viti viwili vya Waafrika visingemzuia Marocco. Sawa, nakubali, visingemzuia, aliyeamua kuvunja sheria atavunja hata bodi ikiwa na malaika. Ila nyumba huijengi ukifikiria siku ya wezi peke yake. Kuna miaka arobaini kabla ya hapo ambayo mambo mengine yangefanywa tofauti. Mfano hai, wachunguzi wa serikali yao walikuwa wakichunguza malipo ya USADF yaliyopitia kampuni ya Kenya, na afisa wa fedha wa USADF yenyewe. Mtu wa Nairobi au wa Kitale akiwa kwenye bodi, anaona kwenye karatasi bei ya kazi iliyofanyika Nairobi, atajua papo hapo kama bei hiyo ni ya soko au imepikwa. Mtu wa Ohio atajuaje?

Na asiniambie mtu kwamba haiwezekani kisheria au kiutaratibu. Mfuko wa Dunia ule wa Ukimwi, kifua kikuu na malaria, Global Fund, una wajumbe ishirini wenye kura. Kumi upande wa watoa pesa, kumi upande wa wapokeaji na jamii, na ndani ya hao kumi kuna kiti cha watu wanaoishi na hayo magonjwa au walioguswa nayo, chenye kura kamili. Uamuzi haupiti mpaka upate theluthi mbili ya upande huu na theluthi mbili ya upande ule. Wale wanagawa mabilioni ya dola. Kama kwa mabilioni inawezekana, kwa wakfu ambao bajeti yake ya mwaka ilikuwa kama dola milioni 45 inashindikana nini?

Narudi kwa hoja ya "pesa yao". Ni kodi ya Wamarekani, ndio, na Bunge lao lina haki ya kuiuliza na hata kuikataa, hilo sibishani nalo ingawa linauma. Lakini haikuwa yao peke yao. Uganda serikali iliweka hela zake kwenye kapu moja na USADF kufadhili vikundi vya huko. Na kila kikundi unachokijua kilitoa ardhi, matofali, mawe, na kazi ya mikono ambayo hakuna aliyeilipia. Mama anayeamka alfajiri kwenda kusomba mchanga wa kujengea stoo ya ushirika naye ni mfadhili wa mradi ule. Muite hivyo hata kwenye makaratasi yenu.

Kuna hofu nyingine na hii naiogopa mimi mwenyewe, kwamba hivyo viti vitachukuliwa na wataalamu wa semina, wale wanaojua kuandika propozo na hawajawahi kushika jembe. Ni kweli watavifukuzia. Ndiyo maana sitaki serikali zetu ziteue, wala mabalozi, wala mashirika ya mjini. Wapige kura wapokeaji wenyewe, na mgombea awe ametoka kwenye kikundi kilichomaliza ruzuku yake na kupita ukaguzi, muhula mmoja kisha anatoka. Vikundi vinajua kuchagua, kila mwaka tunafanya mkutano mkuu, tunagombana, tunang'oa wenyeviti. Demokrasia ya ushirika ina makelele na kuna walioiba humo pia, lakini ninaowajua waliibiwa mchana na wakafukuza mwizi kwa kura kabla ya jioni.

Mengine ni ya kiufundi, lugha ya mikataba iwe ambayo wanachama wanaisoma, ripoti za bodi zitumwe kwa vikundi kama sisi tunavyotuma zetu.

Sisi kwa upande wetu hatungoji Washington. Kwenye mkutano mkuu ujao kuna hoja mbili mezani. Ya kwanza, kikundi hakisaini tena mkataba wa ruzuku yoyote bila kifungu kwamba awamu iliyokwisha kusainiwa iwekwe benki ya hapa nchini kabla kazi ya awamu hiyo haijaanza. Ya pili, mfadhili akitaka kukatisha atoe notisi ya siku 90 na aje, au amtume mtu, aseme mbele ya wanachama, na miniti ziandikwe. Kuna wazee wanasema tutawafukuza wafadhili kwa masharti. Mweka hazina wetu ndiye aliyeziandika hizo hoja mbili, kwa mkono wake, na ameshazunguka vikundi vitano vya jirani akitafuta sahihi ili tuwe na msimamo mmoja. Vitatu vimeshasaini. Kama kikundi chako kiko Kilifi au Kwale na mnataka nakala, niandikieni nitawatumia.