P-tau217 imeshashinda, sasa tuiangalie tyubu ya damu

Kila mara inatangazwa protini nyingine ya kwenye damu ambayo eti itafichua ugonjwa wa Alzheimer. Kwa maoni yangu, mbio hizo za kusaka protini mpya zimepoteza maana kwa sehemu kubwa. Swali la "je, ubongo wa mgonjwa huyu una mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana ubongoni kwenye Alzheimer?" limeshapata jibu lake la damu, na jibu hilo ni p-tau217, aina ya protini ya neva iitwayo tau. Yanayotukwamisha leo ni mengine kabisa: damu ilichukuliwaje, mpaka kati ya chanya na hasi umewekwa wapi, na aliyepimwa ni nani. Ni kazi isiyompa mtafiti jina, ndiyo maana inajikokota.

Wengi huuliza kwa nini tusipime amiloidi yenyewe. Tunaweza, na kwenye maji ya uti wa mgongo inafanya kazi vizuri sana. Amiloidi beta 42 inaponasa kwenye mabonge ya ubongoni, inayobaki kwenye maji hayo hupungua, na uwiano wake na amiloidi beta 40, ndugu yake mfupi zaidi, hushuka karibu nusu. Kwenye damu uwiano huohuo hushuka kwa asilimia 8 hadi 15 tu, kwa kuwa amiloidi nyingi ya kwenye damu haikutoka ubongoni. Ukichora mpaka kwenye pengo jembamba kiasi hicho, mashine ikiyumba kwa asilimia 5 watu kibao wanahama kutoka hasi kwenda chanya bila ubongo wao kubadilika hata kidogo. P-tau217, yaani tau iliyoshikwa na fosfati kwenye asidi amino ya 217, hupanda mara mbili, tatu au zaidi. Pengo pana linavumilia makosa ya kawaida ya maabara. Siri ya ushindi wake ndiyo hiyo.

Ila jina lake linapotosha. Ingawa ni tau, hupanda mapema pamoja na amiloidi, kabla skani ya ubongo haijaona mafundo ya tau, yaani tau iliyojisokota ndani ya seli za neva. Kwa hiyo p-tau217 ya juu inakuambia mchakato umeanza, haikuambii umefika wapi. Kwa swali la pili kuna kipande kingine cha tau kiitwacho MTBR-tau243, kinachofuatana na mafundo yenyewe na ambacho kundi la Washington University la St. Louis na wenzao wa Lund, Sweden, wameweza kukipima kwenye damu. Ningekuwa na fedha za utafiti, ningeziweka hapo. Protini nyingine mbili zinazopimwa kwenye damu ni NfL na GFAP. NfL hupanda nyuzi za neva zinapoumia kwa sababu yoyote ile: kiharusi, neva za miguu zilizoharibiwa na kisukari, hata umri tu. GFAP hutoka kwenye seli zinazoihudumia neva, na nchini Marekani hutumika pia kwa walioumia kichwa. Zote mbili ni nzuri kwa kufuatilia, lakini hakuna inayotaja ugonjwa kwa jina.

Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu kwa Alzheimer: Lumipulse ya kampuni ya Fujirebio, inayogawanya p-tau217 kwa amiloidi beta 42. Ni kwa watu wa miaka 55 na kuendelea walio na dalili tayari. Kwenye sampuli 499, asilimia 91.7 ya waliotoka chanya walithibitika kuwa na amiloidi kwa skani ya PET (picha ya ubongo inayoonyesha amiloidi) au maji ya uti wa mgongo, na asilimia 97.3 ya waliotoka hasi walithibitika hawana. Chini ya asilimia 20 waliangukia katikati, si chanya si hasi. Hao wa katikati huachwa nje ya vichwa vya habari, na mimi nawaona ndio uaminifu wa kipimo chenyewe. Kipimo kinachodai kumgawa kila mtu upande mmoja au mwingine kinabahatisha kwa wale walio karibu na mstari.

Halafu soma tena yale maneno "walio na dalili tayari". Chukua kipimo kinachowanasa wagonjwa 90 kwa kila 100, na kinachowaacha salama wazima 90 kwa kila 100. Kwenye kliniki ya kumbukumbu, tuseme watu 600 kati ya 1,000 wana amiloidi kweli. Utapata chanya 540 za haki na 40 za uongo, na daktari anaweza kusimama juu ya majibu hayo. Kipimo hichohicho ukikipeleka mtaani, ambako wenye amiloidi ni 100 kati ya 1,000, unapata chanya 90 za haki na 90 za uongo. Ni sawa na kurusha shilingi. Mashine haijakosea chochote, ni foleni ya wapimwaji iliyobadilika. Ndiyo maana kukiingiza kipimo hiki kwenye vifurushi vya kupima afya nzima, vinavyouzwa kwa mtu yeyote mwenye pesa, ni jambo ninalolipinga bila kumung'unya maneno. Mzee asiye na tatizo la kumbukumbu hapaswi kutolewa damu hiyo.

Tuje kwenye tyubu, ambako majibu mengi huharibikia. Damu huchukuliwa kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau. Ya seramu, ambamo damu huachwa igande, hutoa namba tofauti, usizichanganye kwenye utafiti mmoja. Izungushwe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 2,000 g (mara 2,000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10, plazma (maji ya damu yasiyo na seli) igawanywe kwenye tyubu ndogo za plastiki ya polipropilini, kisha iingie friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kinachosahaulika ni saa ya ukutani. Damu ikikaa mezani kusubiri bodaboda wa sampuli, amiloidi beta 42 inaanza kushuka ndani ya saa chache, wakati p-tau217 inastahimili vizuri zaidi. Sasa fikiria kipimo kinachogawanya p-tau217 kwa amiloidi beta 42: cha chini kimepungua, cha juu kimebaki pale pale, uwiano umepanda. Mgonjwa anasogezwa kuelekea chanya na joto la chumba. Uwiano wa amiloidi beta 42 kwa 40 haudanganyi sana kwa njia hii, kwa kuwa zote mbili hushuka pamoja.

Kosa lingine dogo: plazma ikitoka friza huwa na nyuzinyuzi za fibrini (protini ya kugandisha damu) ambazo huziba sindano ya mashine au kutoa namba za ajabu. Izungushe tena kwa 10,000 g kwa dakika 5 kabla ya kupima. Na usiiyeyushe na kuigandisha tena na tena. Ndiyo sababu ya kuigawanya tangu mwanzo.

Mwili wa mgonjwa nao una mambo yake yanayopotosha namba. Figo zikichoka, p-tau na NfL hupanda kwenye damu bila ubongo kuhusika, kwa hiyo karatasi ya majibu isiyo na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) pembeni mimi huiona haijakamilika. Unene hushusha namba. Mgonjwa wa moyo anayetumia sakubitrili na valsatani anazuiliwa kimeng'enya kinachosaga amiloidi, na uwiano wake wa 42 kwa 40 unaweza kuonekana wa mgonjwa wa Alzheimer wakati ni dawa tu. Njia mojawapo ya kupunguza tatizo la figo ni kupima sehemu ya tau yenye fosfati dhidi ya ile isiyo nayo, kwa kuwa figo huzipandisha zote mbili. Inahitaji spektromita ya masi, mashine ghali, lakini mwelekeo huo ni wa busara.

Kwa Afrika Mashariki maswali haya ni mazito zaidi, kwa kuwa mipaka inayotumika imetokana zaidi na damu ya Wazungu wa Ulaya na Marekani. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi wana demensia. Ulifanywa kwa maswali na uchunguzi wa daktari, bila protini yoyote. Huko Kinshasa, kundi la Jean Ikanga limeanza kupima protini hizi kwenye damu ya Wakongo. Ni mwanzo mzuri, lakini kabla hatujaazima mipaka ya wengine tunahitaji yetu, tukiandika kwa kila sampuli shinikizo la damu, sukari, hali ya VVU, figo, saa ya kutoa damu na saa ya kuizungusha. Kabla ya hapo pia kuna vipimo rahisi vya usahaulifu unaotibika: vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende. Sioni sababu ya kuagiza p-tau217 kwa mgonjwa ambaye hivyo havijafanywa.

Kikwazo kinachotajwa kila mara ni kwamba hatuna skani za PET za amiloidi za kuthibitishia. Hoja hiyo hainishawishi. Madaktari wetu hutoboa uti wa mgongo mara kwa mara kutafuta homa ya uti wa mgongo, ujuzi upo. Maji hayohayo yanatosha kuwa kipimo cha rejea, mradi yadondokee moja kwa moja kwenye tyubu ya polipropilini. Amiloidi beta 42 hunata kwenye kuta za vichupa vya kioo na polistireni, na kila unapomimina kutoka chombo hiki kwenda kile unaacha nyingine nyuma.