Wazazi wenzangu wa Köln, Jumapili ya karnevali msiwafungie watoto ndani

Kila ikikaribia Februari, kwenye grupu letu la wotsapu la wazazi wa Kiswahili hapa Köln, Ujerumani, yanaanza yaleyale, karnevali, zile sherehe za mitaani kabla ya Kwaresima, ni ulevi tu, funga mlango, watoto wakae ndani mpaka Jumatano ya Majivu ipite. Mi hilo silikubali hata kidogo.

Ulevi upo, sibishi. Nenda Alhamisi ya wanawake, siku karnevali ya mitaani inapoanza, kule barabara ya baa ya Zülpicher Straße uone vijana saa tano asubuhi hawajiwezi. Na mwaka wetu wa kwanza mi mwenyewe nilimpeleka binti yangu Jumatatu, siku ya lile gwaride kubwa, tukasimama karibu na baa, chini vipande vya chupa, mara jamaa mmoja kalewa akamwangukia mtoto, tukarudi nyumbani analia njia nzima. Sa kama karnevali unayoijua ni hiyo tu, nakuelewa ukifunga mlango.

Ila kuna Jumapili! Siku moja kabla ya lile kubwa kuna gwaride la shule na mitaa, kwa Kikölsch, lahaja ya hapa, wanaliita Schull- un Veedelszöch, hiyo veedel ndo mtaa. La Jumatatu lina historia tangu 1823, magari makubwa, vikaragosi vya wanasiasa, linaonyeshwa kwenye tivii nchi nzima. La Jumapili wengi wanatembea kwa miguu, watoto na walimu na wazazi wao, nguo wametengeneza wenyewe, na vikundi vya mitaa vikifanya vizuri vinapewa nafasi ya kutembea tena kesho yake na wakubwa. Mi nalipenda hili kuliko lile, na sioni hata ushindani.

Mwaka huu darasa la binti yangu walikuwa samaki. Wiki nne tumekata trei za mayai, kila kikombe unakikata peke yake, unapaka bluu na rangi ya fedha, unasubiri kikauke, unakibandika kwenye kitambaa kikae kama gamba, na samaki mmoja anataka magamba zaidi ya mia, vidole vyangu vilikuwa na gundi mpaka nikikanda unga wa chapati naiona. Lakini kwenye meza ile kulikuwa na mama wa Kituruki, baba mmoja mzaliwa wa hapahapa, na mimi wa Tanga, watu ambao miaka miwili tulikuwa tunasalimiana getini tu basi. Leo tunachukuliana watoto shule. Hilo kwangu ni kubwa kuliko gwaride lenyewe.

Kuna kitu kinaniuma na lazima nikiseme. Mwaka juzi pale pembeni alisimama mtu mzima kajipaka uso mweusi tii na wigi la nywele za kipilipili, binti yangu akanivuta mkono, "Mama, mbona yule kajipaka rangi yetu?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwandikia mwalimu, na barua ya mavazi iliyofuata ikasema wazi, mnyama sawa, kazi sawa, ngozi ya mtu hapana. Tukijifungia ndani nani angeandika ile barua? Ndo maana nasema twendeni tuonekane, tena tuseme.

Sa mkienda, vaeni soksi mbili, simameni mbali na baa, mfike mapema mtoto apate mstari wa mbele. Chukua mwavuli uufungue uugeuze juu chini, maana wakipita unapiga kelele "Kamelle!" na peremende zinanyesha humohumo. Ukisikia watu wanasema "D'r Zoch kütt" ujue gwaride linakuja, mshike mtoto mkono. Salamu ya hapa ni "Alaaf", usijichanganye na "Helau" ya Düsseldorf, watakuangalia vibaya kweli. Bibi mmoja aliyekuwa anatembea na kikundi cha mtaa wake alivuka mpaka tulipo, akamchomekea binti yangu ua la tulipu kwenye pezi la samaki, akampigapiga shavuni akaendelea zake.

Na kwa sisi Waislamu, peremende zisomeni kabla ya kula, zile laini za kutafuna nyingi zina Schweinegelatine, jelatini ya nguruwe, iko kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Kwetu tunamwaga mfuko mzima mezani, binti anasoma mwenyewe siku hizi, za jelatini anampelekea rafiki yake wa ghorofa ya chini, chokoleti na bisi zinabaki. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo, kwa hiyo zilizobaki kazitia kwenye kopo la biskuti, kaandika juu kwa kalamu nyekundu IDI, liko juu ya kabati.