Kompyuta Imesema Niko Kazini

Nina habari njema ambayo mama watoto amekataa kuipokea: mimi nina kazi. Nimeambiwa kwenye ofisi ya mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na binti mwenye kucha ndefu za rangi ya samawati, kompyuta mbele yake. "Ssebo," yaani bwana, "wewe bado uko kazini." Nikageuka nyuma nikidhani anamwambia mwingine. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta, na ukutani picha ya mzee mwenye mvi anacheka, kashika fimbo ya gofu, eti huyo ndiye mstaafu. Mimi nimezaliwa Walukuba, hapa Jinja, na sijawahi kuona mstaafu mwenye fimbo isipokuwa ya kutembelea.

Mambo yenyewe ni hivi. Miaka kumi na minne nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda fulani, jina silitaji kwa sababu barua yao bado naihitaji. Kila mwezi walinikata asilimia 5 ya mshahara, wao wakaweka 10 juu yake, zote 15 zikaenda kwenye mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Machi mwaka jana mashine tatu zikazimwa, na sisi tuliokuwa tukizilisha tukazimwa pamoja nazo.

Kwetu Uganda serikali haikupi posho kwa kukosa kazi. Posho tunayoijua ni ile ya unga wa mahindi, na hiyo unanunua mwenyewe. Kinachobaki ni hela yako uliyokatwa. Ukifika miaka 55 unachukua zote. Ukiwa na 45 na umeweka miaka kumi, tangu ile sheria ya 2022 unaruhusiwa kuonja asilimia 20. Mimi niliionja mapema, ikaishia kwenye mabati na ada ya shule, hata ladha yake siikumbuki. Halafu kuna mlango wa tatu: ukiwa na miaka 50 na umekaa mwaka mzima bila ajira, unachukua zako zilizobaki. Nina 51. Na mwaka nimeukaa. Nimeukaa vizuri, mchana na usiku, bila kukosa hata siku moja. Kama kungekuwa na cheti cha kukaa ningekuwa nimepata daraja la kwanza.

Sasa huyu binti ananiambia mwajiri hajawahi kutoa taarifa kwamba niliondoka. Kwa hiyo nipo.

"Nipo wapi?"

"Kazini."

"Basi mbona mwezi wa kumi na tatu huu sijaona mshahara?"

"Hiyo muulize mwajiri wako, ssebo."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama watoto. Akaendelea kuchambua mukene, dagaa wetu wa ziwani, kimoja kimoja, anatoa mchanga. Alipomaliza akasema, "Basi kesho amka saa kumi na moja uende kazini kwako. Jioni urudi na sukari."

Mtu akikukatalia hela yako unaruhusiwa kulalamika, na kulalamika kwenyewe kuna fomu. Fomu inataka barua ya mwajiri, inataka na barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, inayosema mimi mkazi wake sina kazi. Hii ya LC nikaona ni maji ya kunywa. Mwenyekiti wetu namjua tangu akiwa golikipa wa mtaa. Elfu kumi ya muhuri, dakika tano, kwisha.

Akachukua kalamu. "Niandike nini?"

"Andika sina kazi."

Akanitazama. Akaiweka kalamu chini. "Lakini asubuhi si nimekula rolex kwako?"

Hapo ndipo tumbo liliponishuka. Kwa sababu ni kweli. Pale stegi ya boda nina sigiri ya mkaa, kikaango cha chapati, na trei ya mayai, nauza rolex, chapati iliyokunjwa na mayai. Siku zote nilikuwa nasema "najishikiza tu", sikujua kwamba najichongea. Mwenyekiti aliandika mwishowe, baada ya kukubaliana kwamba rolex zake za wiki ile nitazisahau, lakini alinitia woga ambao sikuwa nao. Je, wakituma mtu wa kupeleleza? Je, wakinikuta na mwiko mkononi?

Tangu siku hiyo nikawa natengeneza rolex kama mtu anayepika pombe haramu. Unapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, unakatia kitunguu, nyanya na kabichi kidogo, chumvi, unakoroga na uma, unamwaga kwenye kikaango, chapati inalala juu, unageuza, unakunja. Kazi yenyewe haizidi dakika tatu. Mimi ilinichukua saba, maana kila mara nilikuwa nainua shingo kama kuku anayesikia mwewe. Akipita mtu mwenye begi na kitambulisho shingoni, namkabidhi mpwa wangu mwiko na kusimama upande wa wateja. Siku moja alikuja bwana wa tai na faili kwapani, akasimama, akatukodolea macho. Nikaingiwa na jasho. Nikasema kwa sauti, "Kijana, nipe moja ya mayai mawili, na usizidishe chumvi." Nikatoa elfu tatu mfukoni mwangu, nikajilipa, nikala. Yule bwana akasubiri nimeze, ndipo akafungua faili. Alikuwa anauza neti za mbu.

Nilijaribu kumweleza mpwa wangu kwamba siku ile tumepata hasara. Akasema hapana mjomba, tumeuza moja.

Na tusizungumze habari za mapato. Kima cha chini cha mshahara nchini hapa kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na sheria haijakigusa mpaka leo. Kwa hesabu hiyo, mtu akila rolex mbili kwangu amekula mshahara wa mwezi. Ukinitazama kwa jicho la sheria, mimi ni tajiri.

Ukitumia jicho la mama mwenye nyumba ni habari nyingine. Huyo nilimwahidi "hela za mfuko zikitoka", na sasa kila akipita anauliza, "Hazijatoka?" utadhani anauliza habari za meno ya mtoto. Ada ya muhula niliomba nilipe nusu, nikalipa robo. Yaka, ile mita ya umeme, imebaki yuniti mbili na inalia usiku kucha, tumezoea mpaka mtoto akiamka kuko kimya analia yeye. Mama watoto alipokea zamu yake ya nigiina, mchezo wa kuchangiana wa akina mama, akaificha mahali ambapo nimepatafuta kwa siku nne bila mafanikio. Nikakopa kwenye simu, elfu hamsini. Wiki ya kwanza ujumbe ulikuja kwa adabu, "Mpendwa mteja." Ya pili, "Mteja." Sasa hivi unaanza na jina langu lote, na la baba.

Ikabaki barua ya mwajiri. Makao makuu yao yako Kampala, kilomita kama themanini. Nikapanda taksi nikiwa na nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na shilingi 500 ya dharura. Sasa yeyote anayeijua barabara ile anajua shida iko wapi. Shida iko Namawojjolo. Taksi haijasimama vizuri, kuku wa vijiti wameshaingia madirishani, na gonja za moto, zile ndizi za kuchoma, na maini, na muuzaji mmoja akanisogezea paja puani kabisa, mafuta yanadondokea suruali yangu pekee ya kuendea ofisini. Nikamwambia nimefunga. Jirani yangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia njia nzima jinsi nilivyokunywa chai kavu asubuhi, akanitazama bila kusema kitu, akamega gonja yake, akanipa nusu. Mungu amzidishie, ingawa angenimegea na kuku.

Getini nikakuta askari. "Oyagala ki?" Yaani unataka nini. Mimi nikichoka Luganda hunitoka, nikamjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti nzito kwa sababu ya gonja kooni: nimekuja kuonana na mkubwa wa wafanyakazi. Yule mtu akakaza mgongo, visigino vikagongana. "Ndiyo afande!" Ndugu zangu, hii ndiyo faida moja ya kukulia katika nyumba za Kiswahili nchini Uganda. Wenzetu lugha hii waliisikia kwanza kutoka kwa mwanajeshi, wengine wakiwa wamelala kifudifudi, na woga ule haujawatoka. Bunge limekifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005 lakini bado ukikitamka benki watu wanashika mifuko. Sikumsahihisha. Nikapita kama afande, nikaketi kwenye kiti cha afande, na saa tatu baadaye nikapewa barua niliyoisubiri kama raia.

Niliisomea ndani ya taksi ya kurudi. Karatasi nzuri, nembo, sahihi, mhuri. Inasema mimi si mfanyakazi wao kuanzia tarehe ya barua hii.

Tarehe ya barua hii! Yaani ile asubuhi niliyopigiwa saluti nilikuwa kweli kazini, na nilifukuzwa mchana nikiwa nimekaa pale pale mapokezi. Na kama nimeacha kazi leo, basi ule mwaka wangu wa kukaa, mwaka nilioukaa kwa uaminifu, umefutwa. Nianze kukaa upya.

Usiku ule akapiga shemeji yangu aliyeko Marekani. Ni yule ambaye tangu 2011 tukimtaja watoto wanakaa vizuri. Nikajua labda mama watoto amemdokeza, nikajiandaa kukataa mara mbili halafu nikubali. Kumbe naye kaachishwa kazi ghalani! Huko kwao mwajiri hulipa kodi maalumu, mtu akikosa kazi bila kosa lake anapewa kitu kila wiki, majimbo mengi mpaka wiki 26. Ameomba, kakataliwa: mwajiri amesema shemeji aliacha mwenyewe, na aliyeacha mwenyewe bila sababu nzuri hapewi. Amekata rufaa.

"Rufaa kwa nani?"

"Kuna mtu kama hakimu. Atanipigia simu, atatusikiliza mimi na bosi."

"Hakimu atakupigia wewe?"

"Eh. Na wakati nasubiri lazima kila wiki niendelee kujaza kwamba sina kazi na naitafuta. Ukiruka wiki, hata ukishinda, hiyo wiki hulipwi."

Nikakaa kimya, wivu umenijaa. Mwenzangu kukosa kwake kazi kunaandikwa kila wiki, kunahifadhiwa, kuna hakimu. Kwangu mimi kuna mwenyekiti aliyekuwa golikipa.

Shemeji akakohoa. "Sasa shemeji, nasikia zako ziko karibu kutoka. Zikitoka, unaweza kunishika mkono kidogo? Dola mia tatu tu."

Simu ilikatika. Salio lilikuwa lake, lakini nilikata mimi.

Huenda kusubiri kumo kwenye damu yetu. Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa reli, Reli ya Afrika Mashariki, koti la kaki na vifungo vya shaba. Jumuiya ikavunjika 1977, nchi tatu zikaanza kugombania mabehewa, na mambo ya nani amlipe nani yakatafutiwa mkataba mpaka 1984. Katikati hapo, na baadaye sana, mzee alikuwa na kopo la Blue Band lenye karatasi zake, na kila redio ikitaja neno "Jumuiya" alinyoosha mkono tunyamaze. Tulikua tukinyamaza. Kopo ninalo. Sasa nimeweka humo fomu yangu na barua ya LC, na juzi nilijikuta nawanyooshea watoto mkono redio iliposema "mfuko". Ilikuwa tangazo la mifuko ya saruji.

Nikaandika malalamiko ya pili, kwamba mwajiri amekosea tarehe. Nikaambatanisha hati ya mwisho ya mshahara, ya Machi mwaka jana. Nikagongewa "imepokelewa".

Jumamosi iliyofuata niko kwenye sigiri, mpwa kaenda kuchota maji, mara nikaona kucha za samawati zinaning'inia juu ya trei yangu ya mayai. Kuinua macho, ni yule binti wa ofisini, na miwani ya jua. Mwiko uko mkononi, moto, unatoa moshi. Sikuwa na pa kuuficha.

"Namshikia mtu," nikasema. "Mwenyewe kaenda msalani."

"Ssebo, nimekuona hapa mwezi mzima. Nashukia hapo ng'ambo."

Magoti yakalegea. Nikaona faili langu linafungwa, linafungwa kabisa, linarushwa kabatini. "Madamu, hii ... hii itaniharibia?"

Akacheka mpaka akashika kifua. "Hii? Ssebo, tunaangalia mtu aliyeajiriwa. Hii siyo kazi!"

Siyo kazi. Mimi ninayeamka saa kumi na moja kukanda unga, mwenye vidole vilivyoungua vitatu na mgongo usionyooka mpaka saa nne. Miezi miwili nimejificha nyuma ya kijana wa miaka kumi na sita, nimejinunulia rolex zangu mwenyewe, kwa ajili ya kitu ambacho siyo kazi! Sijui ni furaha au ni tusi, vyote viliniingia kwa pamoja, nikamgeuzia chapati upande mmoja mara mbili.

"Nipe ya mayai mawili," akasema. "Shilingi ngapi?"

"Elfu nne."

"Si elfu tatu?"

"Elfu tatu ni ya wasio na kazi, madamu."

Akalipa. Tarehe ya barua amesema wanaishughulikia.