Mkeka wa elektroni: ulinganifu ukivunjika, superkondakta hupata au hupoteza?

Shaba ya Kilembe ilichimbwa Kasese, ikapanda reli hadi Jinja kuyeyushwa, na kwetu Uganda habari ya shaba ikaishia kwenye nyaya na bei. Lakini shaba ikiokwa pamoja na oksijeni na madini mengine machache, huacha kabisa kuukinza umeme ikipozwa. J. Georg Bednorz na K. Alex Müller waliligundua hilo mwaka 1986 katika maabara ya IBM karibu na Zurich, na mwaka uliofuata wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo wa 1987 ikapatikana YBCO, kampaundi ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo huwa superkondakta (kipitisha umeme kisicho na ukinzani) kuanzia Kelvini 93 kwenda chini, yaani nyuzi 180 chini ya sifuri. Ni baridi kali, ila haitishi: nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika wanayotumia wataalamu wetu wa uhimilishaji kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe ina nyuzi 196 chini ya sifuri.

Karibu miaka 40 baadaye, wanafizikia hawajakubaliana ni nini kinachozifunga elektroni jozi jozi humo, jozi ambazo ndizo hupita bila kukinzwa. Ndani ya fumbo hilo, mjadala unaonivuta zaidi ni ule wa ulinganifu.

Tandika mkeka uliosukwa kwa miraba. Ukiugeuza robo mzunguko, anayeingia chumbani hatajua kama umegeuzwa. Tabaka la shaba na oksijeni liko hivyo: atomi za shaba kwenye pembe za miraba, oksijeni kati ya kila shaba mbili. Kwa hiyo elektroni zingepaswa kupita kaskazini-kusini kwa urahisi uleule wa mashariki-magharibi. Hazifanyi hivyo. Katika hali iitwayo pengo bandia, inayotangulia ukinzani kutoweka, elektroni huchagua upande: ulinganifu umevunjika. Mkeka ni uleule, ila walioukalia wamejipanga kwa mistari.

Mwaka 1995 mwanafizikia John Tranquada na wenzake waliiona mistari hiyo kwa kutumia nyutroni. Mwaka 2010 kundi la Séamus Davis, kwa hadubini inayopapasa uso wa fuwele atomi kwa atomi, lilionyesha kwamba hata ndani ya mraba mmoja oksijeni mbili zilizopaswa kuwa pacha hazifanani kielektroni. Wanaoamini kwamba hapa ndipo chanzo cha usuperkondakta kilipo husema: mpangilio huu ukiwa unayumba bila kutulia, mitikisiko yake ndiyo gundi ya jozi.

Wapinzani wao wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. YBCO ina minyororo ya shaba na oksijeni inayoelekea upande mmoja, kwa hiyo mkeka wake ulikuwa umevutwa tangu mwanzo. Labda elektroni zinakuza tu kasoro ya fuwele. Hadubini nayo huona uso, si kina. Ila hoja ya kwanza ilipungua nguvu mwaka 2017, kundi la Ivan Božović lilipopima tando nyembamba za kampaundi nyingine ya shaba na oksijeni, LSCO (yenye lanthanamu na strontiamu), zenye fuwele za miraba. Umeme ulipendelea mwelekeo fulani, tena mwelekeo usiofuata pande za fuwele. Kwangu mimi, kwamba ulinganifu huvunjika si suala tena. Swali ni kama kuvunjika huko kunasaidia.

Hapa nasita kuungana na wanaosema mistari ndiyo chanzo. Katika LBCO, kampaundi ya lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni ya ukoo wa ugunduzi ule wa 1986, mistari huwa imara zaidi elektroni moja inapoondolewa kwa kila shaba nane, na hapohapo joto la usuperkondakta huporomoka. Chanzo gani hukomaa kikaua mtoto wake? Lakini vipimo vya mwaka 2007 kwenye fuwele hiyohiyo vilileta jambo gumu: ndani ya kila tabaka, dalili za usuperkondakta zilianza karibu na Kelvini 40. Jozi zilikuwepo. Kilichokosekana ni mawasiliano kati ya tabaka na tabaka, kwa sababu mistari ya tabaka moja hukingamana na ya tabaka linalofuata.

Jaribio ninalolipa uzito mkubwa ni la mwaka 2020. Watafiti waliibana fuwele ya LBCO kutoka upande mmoja, kwa nguvu ndogo tu. Mistari ya sumaku ikadhoofika, na usuperkondakta wa fuwele nzima ukapanda kutoka takriban Kelvini 10 hadi 32. Kama mistari ingekuwa mama wa jozi, kuidhoofisha kungeziua. Naiona basi kuwa jirani anayegombania elektroni zilezile: iliyoganda huzuia tabaka zisiungane. Kuhusu mitikisiko ya mistari ambayo haijaganda, jaribio hilo haliwakanushi wanaoitetea, na hapo ndipo ningependa kuona vipimo vya kubana vikielekezwa sasa.