Kipimajoto Kwanza, Upasuaji Baadaye

Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari kwa nini anataka kujiunga na mafunzo ya awali ya tiba ya wanyama, mara nyingi atakujibu kwamba anawapenda wanyama. Sina ugomvi na upendo huo, ila naamini kwamba programu inayoutegemea inawapotosha vijana, kwa sababu kazi yenyewe huanzia kwenye kumchunguza kiumbe asiyeweza kusema panapomuuma, na kuandika kilichoonekana hata kama si kilichotarajiwa.

Ndiyo maana ningependa miezi ya mwanzo itumike kwa mambo yanayodharauliwa. Mwanafunzi apime joto, ahesabu mapigo ya moyo na pumzi, akague ufizi, asikilize tumbo la ng'ombe, na ayarudie hayo kwa wanyama wazima wa afya mpaka ayazoee, kwa kuwa asiyeijua hali ya kawaida hawezi kuitambua hitilafu. Nyuzi 39 za Selsiasi, ambazo kwa binadamu ni homa, kwa mbwa si jambo la kushtua. Kwa farasi mkubwa aliyepumzika, kipimo hichohicho ni sababu ya kumwita daktari. Vivyo hivyo, parasetamoli tunayomeza kichwa kinapouma inaweza kumuua paka, kwani ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja. Aliyeyaelewa haya huacha kumchukulia mnyama kama mtu mdogo mwenye manyoya.

Hesabu nayo isionewe haya. Mbwa wa kilo 12 anayestahili miligramu 5 za dawa kwa kila kilo anahitaji miligramu 60, na ikiwa kila mililita ya dawa hiyo ina miligramu 50, basi bomba la sindano livute mililita 1.2. Nukta ikisahaulika, mbwa huyo atapewa mara kumi ya kipimo chake. (Wanaokimbilia baiolojia ili kuikwepa hisabati hushangaa sana hapa.)

Kuosha vizimba pia ni somo, wala si adhabu, maana kichaa cha mbwa, kimeta na brusela huambukiza watu, na anayejua ugonjwa unapitia wapi ndiye anayenawa mikono bila kukumbushwa. Na siku itakapobidi mnyama asiyeponyeka apumzishwe kwa sindano, wanafunzi walio tayari waruhusiwe kuwapo, kisha wapewe nafasi ya kulizungumzia.

Wapo wanaohofu kwamba mafunzo makali namna hii yatawafukuza vijana. Baadhi wataondoka kweli. Lakini kutambua ukiwa na miaka 16 kwamba kazi hii si yako ni nafuu kuliko kutambua hivyo ukiwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, ada imeshalipwa na wazazi wameshaanza kukuita daktari.